Bwawa, bahari na nywele za kipilipili: shajara ya msimu mmoja wa kuogelea

Kazi ninayoifuatilia hapa ni moja. Nataka binti yangu wa miaka saba aogelee msimu wote wa joto na nywele zake zibaki kichwani. Tunaishi Kunduchi, Dar es Salaam. Anajifunza kuogelea mara mbili kwa wiki kwenye bwawa lenye klorini, na Jumapili tukipata nafasi tunashuka baharini. Nywele zake ni za kipilipili, kila unywele mwembamba lakini kichwa kimejaa, na ukizivuta zinafika mabegani. Bei zote ni za shilingi ya Tanzania, kama nilivyolipa mwenyewe.

Nimeshauriwa na wengi nimnyoe. Wengine wameniambia nimsubirishe kuogelea mpaka akue. Yote mawili nimekataa. Mimi ni mtu wa Bukoba, na Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu kufa, nilikuwa mtoto. Wanangu wote watajua kuogelea. Nywele nazo ni zake, anazipenda, na hakuna sababu ya kumlipisha kimoja kwa kingine.

Desemba 7, 2024: Hali ya kuanzia

Mafunzo yalianza Novemba. Mpaka leo nywele za utosini zimekuwa kavu, zinakwaruza mkononi, na mafundo yako kila mahali. Kumchana ni kilio. Nyuma ya shingo na kuzunguka paji la uso zimeanza kuwa fupi.

Kabla ya kununua chochote nimeanza kuweka kumbukumbu. Kila nikimchana namtandikia kitambaa cheupe mabegani, kisha nakusanya nywele zilizodondoka na kuziweka kwenye bahasha yenye tarehe. Zile ndefu zenye kidoto cheupe mwisho zimetoka kwenye shina zenyewe, na hilo ni jambo la kawaida kwa kila kichwa. Ninaofuatilia ni ule uchafu wa vipande vifupi visivyo na kidoto, maana hivyo vimekatika. Bahasha ya leo karibu yote ni vipande.

Nilichokuwa nakijua kabla ya kuanza ni hiki: mafuta ya asili ya kichwani hayateremki vizuri kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo ncha za nywele kama hizi ni kavu hata bila bwawa. Klorini inakuja kuondoa hata hayo machache yaliyopo, na ikizoea kukaa inaula unywele wenyewe. Maji ya bwawa lililotunzwa vizuri huwa na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Ni kidogo, lakini nywele zinayanywa maji hayo saa nzima.

Desemba 14: Kofia

Kofia ya kwanza ilikuwa ya mpira mwembamba, 5,000. Inanasa nywele wakati wa kuvaa na inaondoka nazo wakati wa kuvua, na vipande vingi vya nywele za paji la uso nilivikuta ndani yake. Ilichanika wiki ileile. Usinunue.

Ya pili ni ya silikoni, 15,000, ile inayouzwa kwa ajili ya nywele ndefu, yenye nafasi kubwa kisogoni. Ya kawaida ya mtoto haikupita hata masikioni. Muuzaji aliniambia tatizo ni kichwa cha mtoto, si kofia. Sikubaliani naye, na si mimi peke yangu. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kuogelea la dunia, wakati huo likiitwa FINA, lilikataa kofia za Soul Cap ambazo zimetengenezwa kubwa kwa ajili ya nywele nyingi kama zetu. Alice Dearing, mwanamke mweusi wa kwanza kuogelea kwa niaba ya Uingereza kwenye Olimpiki, alikuwa balozi wa kofia hizo. Septemba 2022 zikaidhinishwa. Mtoto asiambiwe kichwa chake ndicho kibaya. Tafuta kofia kubwa.

Lakini kofia haizuii maji kuingia. Binti alitoka bwawani na nywele zimelowa chapachapa. Kazi ya kofia ni kupunguza msukosuko wa nywele ndani ya maji, na kuyabakiza karibu na kichwa yale maji ya kwanza yaliyoingia. Hapo ndipo nilipoanza kuona umuhimu wa kuamua hayo maji ya kwanza yawe yapi. Sasa namlowesha kichwa kizima kwa maji safi kabla hajavaa kofia. Nywele zikishashiba maji safi, ya bwawa yanaingia kidogo.

Desemba 21: Mafuta

Nilimpaka mafuta ya nazi mengi dakika chache kabla ya kuingia, na kondishena juu yake. Matokeo: kofia iliteleza na kuvuka kila alipozamisha kichwa, mafuta yakamwingia machoni, na mhudumu wa bwawa akaniita pembeni. "Mama, maji yanaota utando." Ana haki. Mafuta yanaziba chujio la bwawa na yanaharibu maji ya watoto wengine.

Ufumbuzi umetoka kwa mama mkwe, mzaliwa wa Pangani, ambaye amepaka nywele za watoto mafuta ya nazi maisha yake yote. Aliniambia, "Mafuta ya nazi hulazwa, mwanangu. Hayapakwi mlangoni." Yaani yapakwe usiku wa kuamkia siku ya bwawa. Kuna utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa sababu yanapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Kupenya kunataka muda, na usiku mzima unatosha.

Mama alitutengenezea mwenyewe: nazi kumi kwa 1,200 kila moja, zikakunwa kwenye mbuzi, tui likakamuliwa na kuchemshwa kwa moto wa taratibu mpaka mafuta yakajitenga. Nusu chupa ya maji ya kunywa ilijaa, na hadi leo haijaisha, kwa sababu kiasi cha usiku mmoja ni kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima. Zaidi ya hapo ni kuchafua foronya.

Kofia kuteleza nako kumekwisha. Chini ya silikoni anavaa kwanza kofia ya kitambaa kinachovutika, 7,000, inashika vizuri.

Januari 4, 2025: Kusuka

Kumwacha na nywele zilizofumuliwa ndani ya kofia ni kutengeneza mafundo. Mabutu yanainua kofia na maji yanaingia kwa pembeni. Sikukuu ya Krismasi nilimpeleka akasukwe rasta, pakiti mbili 8,000 na kusuka 15,000, nikitegemea kwamba nywele bandia zitazilinda za kwake.

Hazikulinda. Rasta zinanyonya maji na kuwa nzito, zikavuta mashina ya mbele. Ndani hazikauki, hata kwa joto la Dar. Siku chache baada ya Mwaka Mpya kichwa kilianza kutoa harufu ya uvundo na mba ukatokea kwenye mistari. Nilizifumua zote jioni moja, na bahasha ya siku hiyo ndiyo nene kuliko nyingine zote.

Sasa anasukwa twende kilioni kwa nywele zake mwenyewe, mistari minene kama tisa au kumi, ncha zikikutana chini ya kisogo ili kofia ilale. Kusuka ni 5,000 na tunakaa nazo wiki mbili. Dada anayemsuka nimemwomba asikaze mbele. Ukiona vipele vidogo kwenye shina la mstari, au mtoto anashindwa kukunja paji la uso, ni kaza iliyopitiliza, na nywele za pale zikizoea kuvutwa zinaweza zisirudi tena. Afadhali msuko ulegee mapema.

Jambo la pembeni lakini kubwa: kofia, kitana na taulo vya mwanangu haviazimwi. Mapunye yanahama kwa njia hiyo, na kundi lake lina watoto wengi wanaopenda kubadilishana kofia kwa rangi.

Januari 18: Harufu ya klorini

Baada ya kuoga mara mbili bado alikuwa ananuka bwawa. Klorini inajishikiza kwenye nywele na sabuni ya kawaida haiing'oi yote. Vitamini C inaiua: asidi askobiki inaigeuza klorini kuwa kloridi isiyo na madhara, na watu hutumia njia hiyohiyo kuondoa klorini kwenye maji ya kufugia samaki.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwa vidonge vya kutafuna vya dukani, 6,000. Vina sukari na rangi ya chungwa. Kichwa kikawa kinanata na usiku sisimizi wakaja kwenye mto. Jaribio la pili ni unga mtupu wa asidi askobiki, 14,000 kwa kopo dogo, na huo ndio ninaotumia mpaka sasa: nusu kijiko cha chai kwenye lita moja ya maji, unamwagia kichwani macho yakiwa yamefumbwa, unasubiri dakika mbili, unasuuza. Changanya papo hapo, kwa sababu ukiyalaza maji hayo nguvu yake inapotea. Harufu ilikwisha siku hiyohiyo.

Nilitegemea na ukavu uishe, lakini haukuisha. Nywele hazinuki, ila bado zinakwaruza na bado zinakatika.

Nilishauriwa pia nijaribu magadi ya kuokea. Nilijaribu mara moja kwenye kishungi kimoja cha nyuma, kikatoka kigumu kama ufagio. Magadi ni ya upande wa alkali, yanafungua magamba ya unywele, na hapa tunataka yafunge.

Februari 1: Bwawa limefungwa, nywele bado kavu

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mzazi mwenzangu aisome kwa makini kuliko zote.

Bwawa lilifungwa kwa matengenezo nusu ya pili ya Januari. Hakukuwa na klorini wala bahari, kwa kuwa shule zilikuwa zimefunguliwa na Jumapili zetu zilijaa mambo mengine. Niliendelea kumwosha na kumpaka kama kawaida. Nilitegemea bahasha iwe nyepesi, lakini ilikuwa karibu vilevile. Kwa hiyo klorini ilikuwa mshtakiwa mmoja tu, na mwingine alikuwa nyumbani.

Nyumba tunayopanga inatumia kisima. Maji yake yana chumvi, kama visima vingi vya ukanda huu ulio jirani na bahari. Ya kunywa na kupikia tunanunua kwa jirani aliyeunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, maji ya mto Ruvu, 300 kwa dumu la lita 20. Kuoga na kufua ni kisima, na sikuwahi kufikiria zaidi ya hapo.

Nilifanya jaribio dogo jikoni. Chupa tatu zinazofanana, moja maji ya kisima, moja ya DAWASA, moja ya mvua yaliyobaki kwenye pipa. Kila moja nikatia kijiko kimoja cha sabuni ya mche iliyoparuzwa, nikatikisa. Ya mvua ilijaa povu zito na ya DAWASA ikafuata. Ya kisima haikutoa povu la maana, maji yaligeuka kama ukungu na vipande vyeupe vikaelea juu. Hivyo vipande ni sabuni iliyokamatana na kalisiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji, na ndivyo vilivyokuwa vinaganda kwenye nywele za mwanangu kila nilipoamini ninamsafisha. Nilikuwa namtoa klorini na kumvika chokaa.

Kuchemsha maji ya kisima nilijaribu pia. Ukoko ulibaki kwenye sufuria, kwa hiyo kitu fulani kilitoka, lakini chumvi ilibaki palepale na gesi ikaenda. Niliacha.

Februari 22: Nusu kichwa

Bwawa lilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi, nikaona nisihukumu kwa chupa peke yake. Nilimgawa kichwa katikati kwa msitari mmoja kutoka paji la uso hadi kisogoni. Mafuta yaleyale, kofia zilezile, vitamini C ileile, shampuu ileile. Upande wa kulia ulioshwa na kusuuzwa kwa maji ya DAWASA, wa kushoto kwa maji ya kisima. Bahasha zikawa mbili.

Sikumwambia binti ni upande upi umepata nini. Wiki ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo. Ya pili, nilipokuwa namchana, alishika kitana changu: "Mama, huku kunauma, huku hakuumi." Huku kusikouma kulikuwa kulia. Dada wa kusuka naye sikumwambia kitu. Alifumua msuko, akapapasa, akaniuliza upande wa kulia nimeutia dawa gani, kwa sababu uzi wa nywele unateleza mkononi na wa kushoto unashika. Bahasha ya kushoto ilikuwa imejaa vipande. Ya kulia ilikuwa na nywele chache, nyingi zenye kidoto cheupe.

Jaribio limesimamishwa leo. Sioni haki ya kuendelea kuuumiza upande wa kushoto kwa ajili ya uhakika zaidi.

Machi 1: Kuosha kwa maji machache

Dumu zima kwa kila kuosha ni maji mengi kubeba. Tumepunguza mpaka lita nne, wakati mwingine tatu. Siri ni chupa ya lita moja na nusu yenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano ya moto. Maji yanapita kwenye mstari wa msuko badala ya kumwagika begani. Shampuu inachanganywa na maji kwenye chupa nyingine kama hiyo na kupitishwa kwenye mistari kwa ncha za vidole, bila kusugua. Dumu moja linatosha wiki nzima na linabaki.

Kilichokwishaganda upande wa kushoto nilikiondoa kwa shampuu ya kung'oa madini, 28,000. Soma orodha ya viambato: tafuta herufi EDTA, kiambato kinachoyashika madini, karibu na mwanzo. Ikiwa imeandikwa mwishoni kabisa ipo kwa ajili ya kuhifadhi shampuu tu na haitoshi kwa kazi hii. Ni kali. Situmii zaidi ya mara moja kwa wiki mbili, na lazima kondishena ifuate, dakika kumi chini ya mfuko wa plastiki. Siku nyingine za bwawa ni vitamini C, maji na kondishena pekee.

Kukausha: taulo limestaafishwa, linanasa na kuvuta. Fulana kuukuu ya pamba inakandamizwa kichwani bila kusugua. Halali mpaka mistari ikauke hadi shinani, na kama bwawa ni la jioni, feni inawashwa na kitabu kinasomwa.

Machi 15: Bahari

Kaskazi bado inavuma, maji ni ya uvuguvugu, na binti ameanza kuelea peke yake bila kushikwa.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Shida kubwa inakuja akishatoka, pale maji yanapokauka juani na chumvi kubaki kwenye unywele, ikiukausha na kuukwaruza. Mara ya kwanza tulisubiri kufika nyumbani ndipo tumsuuze, na safari ile ya juani ilitosha kuharibu kazi ya wiki. Sasa tunabeba chupa mbili za maji yasiyo na chumvi. Moja inamlowesha kabla hajaingia, ya pili inamsuuza akiwa bado kwenye mchanga, kabla hata ya kuvaa. Vitamini C haihitajiki baharini. Kofia ya kitambaa peke yake inatosha, na akitoka anajifunga kitambaa kwa ajili ya jua.

Machi 29: Hali ya nywele na hesabu

Msimu wa mafunzo umeisha. Anaogelea upana wa bwawa bila kusimama. Utosi umerudi kuwa laini, na kuchana kunamalizika kabla hajachoka kukaa. Bahasha za mwezi huu ni nyepesi. Paji la uso linaota vinyweleo vipya. Kisogoni, pale kofia inapobana, bado ni pafupi na sijapata dawa yake. Nimeanza kuweka kipande cha satini ndani ya ukingo wa kofia ya kitambaa, lakini ni mapema mno kusema.

Vilivyofaa vimegharimu 102,000: kofia mbili 22,000, nazi 12,000, unga wa vitamini C 14,000, shampuu 28,000, na kondishena mbili za 13,000. Kusuka na madumu ya maji ni nje ya hapo. Vilivyopotea ni 34,000: kofia ya mpira, rasta na kazi yake, vidonge vya kutafuna. Gesi ya kuchemshia sikuipima.

Ningeanza upya leo, fedha ya kwanza ningeitoa kwenye madumu kabla ya shampuu. Kama unaishi Mbagala, Tegeta, Bagamoyo au popote penye kisima cha chumvi, fanya jaribio la chupa na sabuni ya mche kwanza. Ni dakika tano na halina gharama.

Mvua za masika zimeanza. Tumefunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa na pipa la lita 200 chini yake, mvua za kwanza tukiziacha zisafishe vumbi la paa kabla ya kukinga. Likizo ya Juni bwawa litakuwa na watoto wengi, naye atakuwa anasuuzwa kwa maji hayo. Bahasha zinaendelea, na kisogo nitakipima tena wakati huo kwa rula.